Nilifanya kazi mbili Masasi bila kugombana na mtu kwa sababu mwanangu alikuwa kumbini. Siku anatoka, sikuwepo

Wakuu, poleni na majukumu. Na nyie mnaosoma huku mmejifungia chooni kazini nawasalimia kipekee, maana mimi mwenyewe huko ndiko nilikokuwa nasomea nyuzi zenu.

Leo naleta wa kwangu. Haya yamenitokea mimi, sijasimuliwa na mtu, na sijaongeza hata punje ya chumvi. Majina tu ndiyo nimebadilisha. Masasi ni ndogo, na Newala ndiyo kabisa, ukipiga chafya Kitangari kuna mtu yuko Makote anakwambia afya.

Uzi ni mrefu. Mwenye haraka apite, hatutagombana.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja wa kiume, tumwite Dadi. Nilimpata nikiwa nimetoka tu kufanya mtihani wa form four. Matokeo yalitoka nikiwa na tumbo, kwa hiyo hata sikupata nafasi ya kuyalilia vizuri. Baba yake yupo hai, anakula na kushiba, tumuache hapo hapo.

Dadi analelewa na mama yangu kijijini, upande wa Kitangari. Mimi nipo Masasi natafuta.

Nikisema natafuta, namaanisha nilikuwa na kazi mbili.

Asubuhi nilikuwa kiwandani. Msidhani kiwanda kile cha kwenye TV. Ni banda la bati, ndani kuna mashine za kukanyaga kwa mguu, akina mama tumejipanga kwenye mabenchi tunabangua korosho. Kwa wasioijua hii kazi: ganda la korosho lina mafuta meusi yanayounguza. Unajipaka mafuta ya kula na majivu kabla hujaanza, lakini yanapenya tu. Kucha zangu zilikuwa nyeusi, vidole vinachunika kama nyoka anayevua gamba.

Mchana nikitoka hapo nakimbilia lodge. Huko nilikuwa nafua mashuka, nadeki, napika chakula cha jioni cha wageni. Nilipewa na kachumba ka uani ka kulala, ndiyo maana sikuweza kuiacha. Na kiwandani sikuweza kuacha kwa sababu mshahara wa lodge ulikuwa unakuja kwa kujisikia.

Kiwandani hawakujua kuhusu lodge. Lodge hawakujua kuhusu kiwanda. Mwenye lodge, tunamwita Madamu, alishasema wazi hataki mtu mwenye "miguu miwili miwili". Alikuwa anaamini asubuhi nasaidia mgonjwa.

Wakuu, kuishi hivyo kunachosha kuliko kazi yenyewe. Huku ukichelewa unatunga uongo, kule ukisinzia unatunga mwingine, halafu unakaa unajiuliza wapi ulisema nini.

Sasa jambo moja lazima mlijue kabla sijaendelea. Mimi nina mdomo. Shuleni waliniita Spika. Kiwandani nako jina likanifuata. Mtu akinionea nasema hapo hapo mbele ya watu, mpaka aombe radhi au aondoke. Sijivunii, ila ndiyo silaha pekee niliyokuwa nayo, maana pesa sina na ndugu mkubwa serikalini sina.

Silaha hiyo ndiyo iliyochukuliwa.

Shule zilipofungwa mwezi wa kumi na mbili, kaka yangu ambaye ndiye mjomba wa mtoto, akaamua Dadi aende jandoni, akakae kumbini kule porini. Umri ulikuwa umefika na wenzake wote wanakwenda. Mimi nikafurahi. Jioni mama akanipigia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mtoto ameingia kumbini asubuhi. Sasa na wewe umeingia."

"Mimi niko Masasi, mama."

"Uko kumbini, nakwambia. Kugombana hakuna. Kutukana hakuna. Kupandisha sauti hakuna. Kulala na mwanaume hakuna."

"Mwanaume yupi, mama?"

"Mimi nasema tu, yupo asiwepo. Chunga huo mdomo. Mama mwenye mwali akigombana, kidonda cha mtoto hakikauki."

Mnaosoma kutoka Dar na Arusha najua mnacheka. Chekeni. Mimi biolojia nimesoma, bakteria nawajua, na siku hizi vijana wanatahiriwa na daktari wa zahanati kabla hawajakaa kumbini. Hayo yote nayajua.

Lakini kijijini kwetu kuna mama mmoja aliwahi kupigana kisimani wakati mwanaye yuko kumbini, waligombania zamu ya maji. Kidonda cha mtoto kikaoza. Mtoto alipona baadaye, sasa ni mwanaume mzima ana bodaboda yake. Ila yule mama mpaka leo akipita watu wanamuonyesha kwa kidevu. Wanasema, yule ndiye aliyepigana.

Mimi sikuwa tayari kuwa yule. Tayari naitwa mama asiyelea mwanaye. Niongezewe na hilo?

Kwa hiyo nikafunga mdomo.

Wiki ya kwanza tu nikajaribiwa. Benchi la jirani yangu anakaa Mama Neema, mwanamke mwenye mkono mzito, akibangua korosho zinavunjika vipande. Vipande vinakatiwa mshahara. Nikienda kunywa maji, akawa anavihamishia kwenye beseni langu. Nilimuona kwa macho yangu.

Supavaiza akapita. Sisi tunamwita Kiongozi. Akachota beseni langu.

"Hivi vipande vyote ni vya nani?"

Nikamwangalia Mama Neema. Mama Neema akaangalia paa.

Wakuu, maneno yalikuja mpaka hapa kwenye meno. Nikamkumbuka Dadi amelala kwenye mkeka kule porini. Nikameza.

"Ni vya kwangu, Kiongozi. Nitajirekebisha."

Halafu Mama Neema, hana hata aibu, akasema, "Haa! Leo Spika kanyamaza? Bunge limeahirishwa?"

Wakacheka wote. Na mimi nikacheka. Hicho kicheko ndicho kilichoniuma kuliko kukatwa.

Lodge nako moto. Msimu wa korosho lodge zote za Masasi zinajaa wanunuzi, wanakuja na mashati yao meupe na simu mbilimbili. Mmoja akamlalamikia Madamu kwamba shuka lake lina alama za vidole vyeusi.

Madamu akaniita, kalishika lile shuka kama kashika panya.

"Hivi wewe unafua mashuka au unayapiga chapa?"

"Samahani, Madamu."

"Hii rangi unaitoa wapi? Huyo mgonjwa wako unampaka lami?"

Lile doa lilikuwa ni mafuta ya korosho. Yametoka kwenye korosho, yakaingia kwenye vidole vyangu, yakahamia kwenye shuka la mtu anayenunua korosho. Nilitaka kumwambia yule mzee, baba, hilo doa ni mali yako, lipeleke mnadani. Nikameza. Nikalifua upya kwa dawa ya kung'arisha, na vile vidole vimechunika, moto wake mnaujua.

Nikawa na mtindo wangu. Kila nikimeza neno, nafumba macho kidogo naona kidonda cha mwanangu kinakauka. Nikitukanwa, kinakauka. Nikisukumwa kwenye mstari wa mizani, kinakauka. Ilikuwa inanisaidia, sidanganyi. Kuna siku nilitukanwa nikatabasamu kwa furaha ya kweli, Madamu akadhani naumwa.

Nilipata hata habari kwa mjomba wake kwamba mtoto anaendelea vizuri kuliko wenzake. Fundi wa kumbini, yule anayewatunza huko, amemsifu. Nikasema sasa mnaona?

Tarehe ya kutoka ikatangazwa, Jumamosi.

Hapa niwaeleze wasiojua. Kijijini kwetu siku ya kutoka ndiyo sherehe yenyewe. Akina mama tunashona sare. Wali, ndio hao vijana wa jandoni, wanatoka porini na ngoma, wamefunikwa khanga kichwani, wanakalishwa kwenye mikeka wameinamisha uso. Kisha mama wa kila mwali anaitwa. Anacheza kutoka alipo mpaka alipokaa mwanaye, huku vigelegele vinapigwa. Akifika anamfunua khanga. Mtoto anainua uso anamuona mama yake. Hapo ndipo linatangazwa jina lake jipya, la utotoni linaachwa kule porini na halirudi tena.

Kitu cha kwanza mtoto kukiona akiwa mtu mzima ni uso wa mama yake. Ndivyo ilivyo. Nimekuwa naiona tangu nikiwa binti, nikawa najiambia siku moja na mimi nitacheza.

Sare nikashona. Nguo mpya za Dadi nikazinunua, nikazitanguliza kwa dereva wa gari la Newala. Kiongozi nikamuomba ruhusa mapema kabisa, tena nikamtajia sababu yenyewe: mwanangu anatoka jandoni Jumamosi. Akasema, "Wewe Mama Dadi huna shida kabisa, utakwenda." Lodge nikabadilishana zamu na mwenzangu Tumaini, akaapa kwa Mungu wake.

Ijumaa mchana Kiongozi akasimama mlangoni kusoma majina ya watu wa kuingia kesho. Mzigo ulikuwa unasubiriwa bandarini Mtwara. Jina la tatu, langu.

Nikadhani amekosea. Nikamfuata.

"Kiongozi, kesho si ndiyo ile siku niliyokuomba?"

"Najua, Mama Dadi. Lakini nitafanyaje? Hao wenzako nikiwagusa ni vita. Mama Neema amenifokea hapa mpaka nimemtoa kwenye orodha. Wewe ndiye muelewa. Huna kelele."

Huna kelele.

Mimi. Spika.

Wakuu, ningekuwa mimi wa siku zote, lile banda lingejua. Ningesimama juu ya benchi. Ningemwambia alinipa ruhusa mbele ya mashahidi na ningewataja mmoja mmoja. Na angeniacha niende, namjua, anaogopa kelele kuliko anavyoogopa bosi wake.

Lakini mtoto alikuwa bado kumbini. Ilikuwa imebaki kesho tu. Nimevumilia wiki zote hizi, niende kuharibu siku ya mwisho? Nikaona kile kidonda. Nikasema nikigombana leo, kesho nitamfunua nimkute ana homa.

Nikamwambia, "Sawa, Kiongozi."

Nilipanga hivi: niingie alfajiri, nibangue kama mwendawazimu, nimalize fungu langu kabla ya mchana, nipande gari la kwanza nitakaloliona. Ngoma ya akina mama kwetu huwa inaanza baada ya adhuhuri. Nikijitahidi nitawahi.

Jumamosi nilibangua mpaka mguu ukawa hauna hisia. Nikamaliza mapema. Nikakimbia lodge kubadili nguo na kuchukua sare, maana ndiko nilikokuwa nalala.

Nikamkuta Madamu katikati ya uwanja.

"Afadhali umekuja. Tumaini hajatokea na simu kazima."

"Madamu, mimi leo ni zamu ya Tumaini, tulikwambia. Mwanangu anatoka jandoni."

"Kwani nimekukataza? Nenda. Nifulie tu haya mashuka ya vyumba vya mbele, wageni wako njiani. Mashuka tu. Yakishatundikwa, nenda zako na Mungu."

Nilisimama pale. Nikaangalia lile rundo. Nikaangalia geti.

Kuna mtu atauliza kwa nini sikutoka tu. Naomba usiniulize, nimejiuliza vya kutosha. Ningetoka angefoka, akifoka ningejibu, nikijibu tungegombana. Na ile sauti ya mama bado iko sikioni: kupandisha sauti hakuna. Nilikuwa nimezoea kumeza mpaka nikasahau kwamba kuna kitu kingine mtu anaweza kufanya.

Nikafua.

Nilifua nalia bila sauti. Maji yalikuwa yanakuwa meusi kutokana na mikono yangu, nabadilisha, yanakuwa meusi tena. Madamu alipita akasema, "Suuza vizuri." Nikasema, "Ndiyo, Madamu."

Gari la kwanza la Newala nikalikosa. La pili lilikuwa linasubiri kujaa, likajaa, mvua ikashuka kule kwenye kupanda mlima, tukashushwa abiria wote tutembee kwenye tope ili gari lipande tupu. Nilipanda ule mlima na sare yangu ndani ya mfuko wa plastiki, nimeukumbatia kifuani kama mtoto mchanga. Newala mjini nikachukua bodaboda kwenda kijijini. Nikamwambia dereva, "Kaka, kimbiza." Akasema, "Dada, tope hilo, unataka tufe?" Nikanyamaza. Hata huyo nikaogopa kugombana naye.

Nilivalia sare chini ya mikorosho pembeni ya barabara, ili nikifika niingie nikicheza moja kwa moja.

Nilipoanza kuingia kijijini sikusikia ngoma.

Nikasema labda wamepumzika.

Nikapishana na mama mmoja jirani, anarudi kwake, sare imeloa jasho, viatu mkononi. Akanipigia kelele kwa furaha, "Mama Ismaili! Ndiyo unafika?"

Nikapita. Nikajua anamsalimia mtu nyuma yangu. Nikageuka kuangalia huyo Mama Ismaili ni nani. Nyuma yangu kulikuwa na njia tupu.

Akili yangu haikuunganisha. Au ilikataa.

Nikafika nyumbani. Uwanja umevurugwa kwa miguu ya ngoma, watu wanakunja mikeka, wanawake wanasugua masufuria ya pilau. Wali walikuwa wamekaa pembeni kwenye kivuli cha nyumba, wamevaa mashati mapya. Nikaliona lile shati nililolinunua mimi. Nikasahau kila kitu.

"Dadi! Dadi wangu!"

Waliokuwa wanakunja mikeka wakageuka.

Wale watoto wengine wakaangaliana, mmoja akaziba mdomo. Mwanangu hakuinua kichwa. Aliangalia mikono yake. Nikaona anavyozidi kuinamisha shingo kwa aibu.

Mzee mmoja wa kumbini akasema kwa ukali, "Nani anaita maiti hapa?"

Kwetu jina la utotoni ukimuita nalo mtu aliyetoka jandoni, tena mbele ya wenzake, umemtukana tusi kubwa. Umemwambia bado ni mtoto, hajatahiriwa. Kila mtu anajua. Na mimi najua. Ila sasa ningemwita nani? Jina lake lilitangazwa mbele ya kijiji kizima, mimi nilikuwa nafua mashuka.

Nilitozwa kuku hapo hapo. Mama yangu ndiye aliyemtoa, kimya kimya, kutoka bandani kwake.

Nikaambiwa, "Mwanao anaitwa Ismaili."

Nikasema, "Asante."

Hebu fikirieni. Nimeshukuru kutambulishwa kwa mtoto niliyemzaa.

Aliyemfunua ni mdogo wangu Zuhura. Walisubiri, jina langu likaitwa mara ya kwanza, wakasubiri, likaitwa tena. Wenzangu wote walishacheza. Mama akamwambia Zuhura aingie, mtoto hawezi kukaa amefunikwa kama hana kwao. Zuhura hajaolewa, hana mtoto. Alicheza vizuri sana, kila mtu alisema. Sina kinyongo naye, natamani ningekuwa nacho, ningepata pa kuyaweka haya maumivu.

Jirani alirekodi kwa simu ya Zuhura. Niliiomba. Zuhura alikataa, akasema, "Dada, ya nini? Imeshapita." Nikamnyang'anya.

Kwenye ile video Zuhura anafika, anafunua khanga. Mtoto anainua uso. Anamuangalia Zuhura. Halafu anaangalia nyuma ya Zuhura. Halafu anaangalia pembeni, anaupita mstari wa akina mama wote mmoja mmoja, polepole, mpaka mwisho wa mstari.

Kisha anainamisha uso chini kabla hajaambiwa ainamishe.

Video inaendelea na vigelegele. Mimi huwa naishia hapo.

Jioni hiyo nilimwambia mama kila kitu. Kiongozi, orodha, Madamu, mashuka. Nikamwambia, "Mama, wewe si ndiyo ulisema nisigombane?"

Mama alikuwa anachambua mbaazi. Akaacha.

"Nilisema usigombane, mwanangu. Kwani kumwambia mtu hapana ni kugombana?"

Kwangu mimi vilikuwa kitu kimoja. Tangu utoto sijawahi kusema hapana kwa sauti ya chini, sijui hata inasemwaje. Ninajua kupiga kelele na ninajua kunyamaza.

Jumapili nzima Ismaili alikuwa na wenzake. Nikipita ananiamkia, "Shikamoo mama," kwa heshima zote, amekunja na mikono. Zamani alikuwa ananirukia mgongoni.

Jumatatu nilirudi Masasi. Mtoto ametoka, kidonda kimekauka, mwiko umekwisha. Nikaingia kiwandani nimechelewa makusudi.

Kiongozi akasema, "Mama Dadi, leo vipi?"

Nikamwambia, "Usiniite hivyo. Naitwa Mama Ismaili."

Kisha nikafungua mdomo.

Nilimwaga ya wiki zote. Nilimwambia yeye, nikamwambia Mama Neema na beseni lake la vipande, nikayaambia na mabati ya banda. Nilisimama juu ya benchi kweli. Mashine zote zilisimama. Wenzangu wengine walikuwa wanalia, maana kila mmoja pale ana lake. Mama Neema aliinuka akaja akanishika mkono, akasema, "Basi, mama. Basi. Nisamehe." Nikautoa mkono.

Kiongozi akasema kitu kimoja tu, na nadhani alimaanisha: "Sasa mbona Ijumaa hukufoka hivi? Ningekuacha."

Wakuu, nilishuka kwenye benchi nikatoka.

Kazi ya kiwandani niliacha siku hiyo, au niliachishwa, sijui, hakuna aliyeandika barua. Madamu nilimwambia ukweli kuhusu vidole vyangu. Akaguna, akanunua glovu. Glovu! Zilikuwepo dukani siku zote hizo. Lodge bado nipo, na sasa nafanya kazi moja, tunabanana hivyo hivyo.

Wiki iliyofuata nikarudi kijijini. Nilimkuta Ismaili peke yake nyuma ya nyumba, anakata kuni. Nikakaa kwenye kigogo. Nikamuita kwa jina lake, mara yangu ya kwanza kulisema kwa sauti. Akaitika, "Naam mama."

Nikamuuliza, "Siku ile ulipofunuliwa, ulinitafuta?"

Akaendelea kukata. Halafu akasema, bila kuniangalia, taratibu kama mtu mzima anayemwelekeza mgeni:

"Mama, mambo ya kumbini hayasemwi."

Ile haikuwa siri ya kumbini. Ile ilikuwa uwanjani, mchana kweupe, na video ipo. Yeye anajua na mimi najua. Lakini ameshapata mahali pa kujifungia, na mwanamke haruhusiwi kugonga mlango ule.

Nikasema, "Haya, baba." Nikamsaidia kupanga kuni.

Nilichojifunza nawaachia, hasa dada zangu mnaokimbia kati ya mabosi wawili. Ukificha kazi moja kwa sababu ya nyingine, siku ukihitaji kuondoka huna wa kumwambia ukweli mzima. Na mtu akikusifu kwamba huna kelele, jua ameshaamua nani atabebeshwa zamu ya Jumamosi. Jifunzeni kusema hapana bila kufoka, mngali na muda. Mimi najifunza ukubwani, na bado linatoka vibaya.

Mwiko siulaumu. Ningefoka ile Ijumaa, kidonda kingeharibika? Biolojia inasema hapana. Ila sitajua, na ndiyo maana sipati hata pa kuelekeza hizi hasira.

Sasa naomba mchango wenu, na safari hii nawaomba wanaume, nyie mliopita kumbini. Siulizi siri zenu, kaeni nazo. Nauliza hili tu: mwali akifunuliwa akakuta aliye mbele yake si mama yake, huwa linapita na umri, au linakaa?

Msinipe moyo. Niambieni kweli.